Kabla ya kuokota mbegu, utazame mti

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua sokoni kilo mbili za mbegu za mwarobaini. Nilizisia kitaluni, zikaota vizuri, nikafurahi. Miche ilipofika kimo cha shibiri mbili, nikaona majani yake yanagawanyika mara mbili: kikonyo kikuu kinatoa vikonyo vidogo, na vijani vinakaa kwenye hivyo vidogo. Mwarobaini hauna tabia hiyo. Vijani vyake hujipanga moja kwa moja kwenye kikonyo kikuu, huku na huku, vimepinda kama mundu. Nilikuwa nimeotesha mmelia, ndugu yake, ambao wengine huuita mwarobaini nusu. Na baadhi ya miche nilishawagawia majirani waliotaka majani ya kuchemsha na kunywa.

Niliifuata nyumba kwa nyumba, nikaing'oa yote. Matunda ya mmelia yana sumu ambayo imewahi kuua nguruwe, na watu pia.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kokwa zenyewe zingeniambia, kama ningezitazama. Kokwa ya mwarobaini ni ndefu kiasi, laini, na ndani mna mbegu moja, mara chache mbili. Ya mmelia ni ya mviringo zaidi, ina matuta, imegawanyika vyumba vyenye mbegu kadhaa, na katikati ina njia inayopita toka juu hadi chini. Ndiyo maana katika nchi nyingi watu huzitunga kuwa shanga za tasbihi. Unaweza kupitisha sindano. Jaribu kupitisha sindano hivyo katika kokwa ya mwarobaini!

Tangu siku ile kazi yangu ya kukusanya mbegu huanzia kwenye mti. Nikifika chini yake nakata kitawi chenye majani, pamoja na maua au matunda yakiwapo, nakilaza ndani ya gazeti, nakibana kati ya mbao mbili kwa kamba. Namba ninayoandika kwenye gazeti ndiyo hiyo hiyo ninayoandika kwenye mfuko wa mbegu. Daftarini naweka tarehe, mahali, aina ya udongo, rangi ya ua kwa sababu hupotea likikauka, na jina alilonitajia mwenyeji, pamoja na lugha aliyolitajia. Kitawi kile kikishakauka, ndicho kinachoweza kulinganishwa na vielelezo vya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Mbegu peke yake mara nyingi haitoshi. Hata mtaalamu aliyebobea ukimpa mbegu kavu ya kahawia kiganjani, atakuuliza kwanza: mama yake yuko wapi?

Pua na ulimi navyo vina kazi. Jani la mũiri, kama Wakikuyu wanavyouita, ukilifikicha linatoa harufu ya lozi chungu. Huo ndio Prunus africana, ambao gome lake hutumika katika dawa za tezi dume, na ambao tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Gome la msokonoi huwasha ulimi kama pilipili. Jani la mjafari ukilinyanyua juani utaona vitone vya mafuta vinavyopitisha mwanga, alama ya ukoo wa michungwa na milimau. Lakini usionje mti usioufahamu. Ulimi ni wa kuthibitisha tu, baada ya macho kumaliza kazi yake.

Msandali wetu, Osyris lanceolata, unadai subira zaidi. Kuna miti dume na miti jike, kwa hiyo unaweza kuzunguka mlima mzima ukikuta maua tu, bila tunda hata moja. Wavunaji haramu huung'oa na mizizi kwa ajili ya mafuta, na kila mti jike unaong'olewa ni mbegu za miaka mingi zilizopotea. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Hata mbegu ukizipata, mche unahitaji jirani, kwa kuwa mizizi yake hunyonya sehemu ya chakula kutoka kwenye mizizi ya mimea mingine. Mimi huusia pamoja na mmea mwenza katika mfuko mmoja.

Kuhusu kiasi cha kuchukua, nafuata kanuni ya benki kubwa za mbegu: nisizidi sehemu moja kwa tano ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na nichume kwenye miti mingi kadiri iwezekanavyo. Kabla ya kujaza mfuko nakata mbegu kumi kwa wembe. Zikiwa tupu au zimeliwa na wadudu, naondoka.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mbegu hukaushwa, ikafungwa, ikawekwa. Kwa mikunde mingi ni kweli. Wataalamu wana kanuni ya makadirio kwamba kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, umri wake huongezeka maradufu. Ila msokonoi na mũiri hawaijui kanuni hiyo. Ukizikausha sana mbegu zao unaziua. Mbegu ya mwarobaini nayo hupoteza uhai ndani ya wiki au miezi michache. Hizo nazitoa nyama ya tunda, naziosha, nazisia wiki hiyo hiyo.

Komwe ni kinyume chake kabisa. Zile kete za kijivu za bao zimetoka kwenye maganda yenye miiba ya mkomwe, na zinaweza kuelea baharini muda mrefu bila maji kupenya ndani. Bila kukwangua ganda kwa tupa, upande ulio mbali na kovu la mbegu, utasubiri sana.

Ombi moja kwa wenye watoto: mturituri, ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi, na mbarika, visikae mezani wala kwenye shanga za mtoto. Mbegu chache zikitafunwa zinaweza kuua.

Mwaka jana nilimtembelea mganga mmoja mzee huku Muheza.

"Shikamoo, mzee. Hizi mbegu ni za mti gani?"

"Marahaba, mwanangu. Hizo dawa ya mgongo."

Alinipa saba. Miguu yake haimruhusu tena kupanda mlima, kwa hiyo mti sikuuona. Nne zimeota. Majani yamekaa mawili mawili yakikabiliana, na kati ya vikonyo vyao kuna kijijani chenye ncha, jambo linalonielekeza kwenye ukoo wa mbuni, mti wa kahawa. Zaidi ya hapo sitamki jina. Mjukuu wake ameahidi kunipeleka kwenye mti wenyewe mvua zikikatika, na magazeti na mbao za kubania nimeshaziweka mlangoni.