Prosesa ya sauti kwenye redio ya AM: ni nini, na hupangwaje

Mtangazaji anasoma bei ya mnada wa korosho: elfu tatu mia sita kwa kilo. Mkulima wa Tandahimba, redio ndogo ya betri ikiwa imening'inia kwenye tawi la mkorosho, anasikia mia tisa. Si uzembe wake. Sita na tisa zina irabu zilezile. Kinachozitenganisha ni konsonanti mbili zilizopishana nafasi. Konsonanti ndizo zinazotangulia kupotea sauti ikiwa dhaifu, na kuzilinda ndiyo kazi kubwa ya prosesa ya sauti.

Prosesa ni kifaa kinachokaa kati ya mikisa ya studio, yaani meza ya kuchanganyia sauti, na mtambo wa kurushia matangazo. Huinua sauti ndogo, huzuia iliyozidi, na huamua ni sehemu gani ya sauti ipewe nguvu zaidi. Kwenye FM wengi huitumia kunogesha muziki. Kwenye AM, bila prosesa husikiki vizuri hata kama mlingoti wako ni mrefu.

Sababu iko kwenye jinsi AM inavyofanya kazi. Mtambo hurusha wimbi muda wote, hata mtangazaji akinyamaza. Sauti hulifanya wimbi hilo lipande na kushuka nguvu, na kiasi cha kupanda na kushuka huitwa modulesheni. Chukua mtambo wa wati 10,000. Toni moja ikifikisha modulesheni asilimia 100, nguvu inayobeba sauti yenyewe ni wati 5,000. Ikifika asilimia 30 tu, nguvu hiyo ni wati 450. Umeme wa kuendesha wimbi tupu unaulipia vilevile, lakini kijijini wanapata sehemu ndogo sana ya kile mtambo unachoweza. Prosesa huiweka modulesheni juu kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana.

Sasa mpaka. Kushuka kuna mwisho: kwenye asilimia hasi 100 wimbi limefika sifuri, limekatika. Ukilisukuma zaidi, sauti inapasuka na mikwaruzo inamwagikia vituo jirani. Kupanda hakuna ukuta wa namna hiyo. Marekani, kwa mfano, huruhusu hadi chanya 125. Jambo hili lina maana kubwa kwa sababu sauti ya binadamu haijalingana pande mbili: upande mmoja wa wimbi lake una vilele virefu kuliko wa pili. Waya za kipaza sauti zikigeuzwa, vilele virefu huangukia upande wa chini, prosesa inalazimika kuvibana, na mtangazaji anasikika mnyonge bila mtu kujua kwa nini. Kagua waya hizo kabla ya kugusa kitufe chochote. Nasisitiza, kwa kuwa ni kosa dogo linaloweza kukaa miaka.

Kwenye kupanga, anza na besi, yaani sauti nene. Punguza kila kilicho chini ya hezi 100 hivi (mitetemo 100 kwa sekunde): spika ya redio ndogo haiwezi kukitoa, lakini kinakula modulesheni. Kisha inua eneo la hezi 2,000 hadi 4,000, ambako herufi kama t, k na ch hupata ukali wake. Juu ya hapo usihangaike sana. Katika Afrika vituo vya AM vya masafa ya kati hupangwa kila baada ya kilohezi 9, na sauti iliyopanda sana huingia kwa jirani. Wengi hukata karibu na hezi 4,500. Herufi s ina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya mpaka huo, ndiyo maana kile kidogo kinachobaki chini yake lazima kiinuliwe.

Kidhibiti cha kwanza cha sauti kiende polepole, kisawazishe tu mtangazaji wa sauti nene na mgeni anayenong'ona. Kikienda haraka, kila mtangazaji akivuta pumzi kelele za feni ya studio zinapanda. Kizuizi cha mwisho ndicho kiwe cha haraka, na kilele hasi kikomee pungufu kidogo ya 100, ukithibitisha kwa osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, kwenye mtambo, kwa kuwa namba za kioo cha prosesa hazioni kinachotoka kwenye antena. Prosesa yenyewe nayo ikae karibu na mtambo. Ikikaa studio, na sauti ikasafiri hadi kwenye mtambo kwa njia inayoibana kidijitali, vilele ulivyovisawazisha vitafika vimeharibika.

Usipange kwa hedifoni. Hedifoni husifia vitu ambavyo msikilizaji hatavipata kamwe. Wimbi la masafa ya kati hutambaa vizuri juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya mchanga mkavu, kwa hiyo mvuvi wa Mikindani, pwani, anaweza kukupata safi huku mtu wa Newala, bara, umbali uleule kutoka mlingotini, akisikia kwa shida. Nenda huko kwenye shida. Simama karibu na mashine ya kusaga ikiwa inanguruma, washa redio ya bei rahisi, na mwombe mtu aandike bei ishirini zinazosomwa hewani. Akiandika tisa palipo na sita, rudi uongeze kidogo kwenye hezi 3,000, kisha mrudie na bei nyingine ishirini.