Kuazima si "borrow" tu

"Mwalimu, borrow me your pen." Jumanne jioni niliisikia mara nne kabla hata sijafuta ubao. Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Kampala, wengi wachuuzi wa Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya jiji, na ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi. Nikiwasahihisha, jibu ni lile lile: "Lakini borrow si ndiyo kuazima?"

Dhana: Ukishapata tafsiri, umelijua neno.

Ukweli: Umelijua nusu. Kuazima kwetu kunakwenda pande mbili. "Nimeazima jembe kwa jirani", mpokeaji ni mimi. "Niazime jembe lako", mtoaji ni wewe. Kiingereza kimegawa: anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Kwa hiyo sema "lend me your pen", au "can I borrow your pen?" Neno kuazima likikuchanganya, liache, shika kukopa na kukopesha, hapo Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Tena lichukue neno na mkia wake: "borrow from", "lend to". Ubaoni kwangu neno haliandikwi bila mkia, mnune msinune.

Mama mmoja muuza vitenge alimwandikia shemeji yake: "I lent you 400,000." Maskini, alikuwa anakiri deni. Shemeji akajibu neno moja tu: "Lini?" Mdai alidhani amegeuzwa mdaiwa, na siku mbili simu ya mama haikupokewa. Alikuja darasani na ujumbe wenyewe kwenye simu, tukaurekebisha: "I borrowed 400,000 from you."

Dhana: Kampala nzima inasema hivyo, basi ni sahihi popote.

Ukweli: Konda wa teksi (matatu zetu) akisema "extend", sogea, usibishane naye. Na ukiambiwa "well done" ukiwa umeinama unafagia, hiyo ni "gyebale" ya Kiganda, pole na kazi, hujashinda kitu. London watadhani unampongeza mtu.

Dhana: Kariri maneno 20 kwa siku.

Ukweli: Hiyo ni kazi ya kasuku. Mimi natoa mawili, kila moja kwa sentensi tatu zinazotoka dukani kwako, si kitabuni.

Na aliyeondoka na kalamu yangu ya bluu Jumanne ile: nilisema "I lend you". Sikusema "I give you".