Je, injini inahitaji presha ya kurudi nyuma kwenye ekzosi?

Wenye pikipiki kubwa za safari, hasa Harley-Davidson, wamerithishana usemi huu: usiifungue sana ekzosi (bomba la kutolea moshi), injini itakosa presha ya kurudi nyuma na nguvu itapungua. Nguvu inaweza kupungua kweli. Sababu ndiyo siyo hiyo.

Presha inayozuia moshi kutoka haiisaidii injini chochote. Inailazimisha pistoni iusukume moshi kwa nguvu ambayo ingekwenda kwenye tairi. Kinachosaidia ni mwendo wa moshi. Vavu ya ekzosi ikifunguka, moshi hutoka kwa kasi na kuacha mvuto nyuma yake. Kwa kitambo kidogo vavu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi pamoja, na mvuto huo huvuta hewa mpya ndani ya silinda. Bomba likiwa pana mno, moshi hupunguza mwendo na mvuto hufifia, hasa kwenye mizunguko ya chini: pale pale unapopanda mlima na abiria na mizigo.

Halafu kuna petroli. Eya klina (kichujio cha hewa) na ekzosi mpya zikiongeza hewa bila jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) au kompyuta ya injini kurekebishwa, mchanganyiko huwa mwepesi, yaani hewa nyingi kwa petroli kidogo, injini hukohoa, bomba hulia pa-pa-pa ukilegeza mkono wa mafuta. Lawama hubebeshwa ukosefu wa presha. Kwenye pikipiki zenye sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi), kompyuta hurekebisha mchanganyiko huo, ila kwa kiasi tu.