Kitenzi kimoja cha Kiingereza, vitenzi vingi vya Kichina

Polisemia ni neno moja kuwa na maana kadhaa zenye undugu: mguu wa mtu, mguu wa meza. Kaa la moto na kaa wa baharini ni jambo jingine. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, nayo huitwa homonimia. Vitenzi vya Kiingereza vya kila siku vimejaa polisemia, na hapo ndipo anayejifunza Kichina kwa kamusi ya Kiingereza hukwama.

Tuanze na "take". Kamusi itakupa ná (拿), yaani kuchukua kwa mkono. Mgonjwa anataka kusema ameshameza dawa, anasema ná yào. Mchina anayemsikiliza anaelewa kwamba dawa amekwenda kuzichukua dirishani, basi. Kumeza dawa ni chī yào (吃药), na chī ni kula. Kupanda basi hutumia zuò, kitenzi kile kile cha kukaa. Kuoga ni xǐzǎo. Kwa Kiingereza yote hayo yangeweza kuwa "take".

"Play" ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu Kichina hutazama mwili unafanya nini. Mpira wa miguu ni tī, kupiga teke. Mpira wa kikapu ni dǎ, kupiga. Gitaa na piano ni tán, kazi ya vidole. Fidla ni lā, kuvuta, maana upinde huvutwa juu ya nyuzi. Filimbi ni chuī, kupuliza. Wán, ambalo wengi hulikariri kwanza, ni kucheza kwa kujifurahisha; ukiliambatanisha na piano, utaonekana unaichezea tu.

Kwa hiyo usikitafsiri kitenzi kikiwa peke yake. Tazama kwanza shamirisho yake, yaani kile kinachotendewa: ni dawa, ni basi, au ni filimbi?

Na hapa sisi wa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo Kiingereza kinatuficha. Hiyo dǎ (打) inafanana mno na "piga" yetu. Dǎ diànhuà ni kupiga simu. Dǎ gǔ, kupiga ngoma. Dǎ hāqian, kupiga miayo. Dǎ pēntì, kupiga chafya. Hata kupiga picha, pāizhào, kumejengwa juu ya pāi, kupiga kwa kiganja. Mwenzetu anayepitia kwenye Kiingereza hukariri haya moja moja, ilhali tayari anayo kinywani.

Ila si kila "piga" huwa dǎ. Kupiga mswaki ni shuā yá, kusugua meno. Kupiga pasi ni yùn. Na kupiga kura ni tóupiào: tóu ni kutupia ndani, kama karatasi inavyotumbukizwa sandukuni.