Gamba la foraminifera: shahidi mdogo wa bahari ya kale

Chukua kijiko cha tope lililotolewa kilomita 3 chini ya uso wa bahari, ulimwage kwenye chekeche lenye matundu ya mikromita 63, kisha ulisuuze taratibu. Udongo laini utapita. Kitakachobaki, kikikauka, utadhani ni mchanga mweupe mpaka ukiweke chini ya hadubini. Kumbe ni magamba, maelfu kwa maelfu: mengine kama mapovu yaliyoshikamana, mengine yamejizungusha kama konokono, machache yana wekundu hafifu wa waridi.

Waliojenga magamba hayo ni foraminifera, viumbe wa seli moja. Baadhi huelea karibu na uso wa bahari, wengine huishi topeni kule chini kabisa. Wakifa huacha nyumba zao za kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa, nazo hurundikana tabaka juu ya tabaka. Katika sehemu nyingi za bahari kuu rundo hilo hukua kwa sentimita chache tu kila miaka 1,000. Kwa hiyo nguzo ya tope ya mita 10, inayong'olewa kwa bomba refu lililoteremshwa kutoka melini, huweza kubeba historia ya miaka laki kadhaa.

Watu huuliza: gamba linajuaje joto la maji? Halijui chochote. Linachofanya ni kuchukua oksijeni iliyopo majini, basi. Karibu oksijeni yote ni oksijeni-16. Sehemu ndogo, kama 2 katika kila 1,000, ni oksijeni-18 iliyo nzito zaidi. Maji yakipoa, gamba linalojengwa humo hukusanya oksijeni-18 zaidi kidogo. Mwanakemia Harold Urey alitambua katika miaka ya 1940 kwamba tofauti hiyo inaweza kutumika kama kipimajoto. Mwaka 1955 Cesare Emiliani akachapisha vipimo vya magamba ya kwenye nguzo za tope, akaonyesha bahari ikipoa na kupata joto mara nyingi kuliko zile zama nne za barafu zilizokuwa zikifundishwa wakati huo.

Lakini shahidi akishasema, huhojiwa. Maji yanapogeuka mvuke, yenye oksijeni-16 hutangulia kwa wepesi wake. Kwa kawaida hurudi baharini kwa mvua na mito. Yakianguka kama theluji na kukaa nchi kavu yakiwa barafu kwa maelfu ya miaka, bahari hubaki na oksijeni-18 kwa wingi, hata kama joto lake halikubadilika. Sasa magamba ya Emiliani yalikuwa yanasema baridi, au yanasema barafu?

Jibu la Nicholas Shackleton la mwaka 1967 kwangu mimi ni kati ya hoja safi kabisa katika fani hii. Aliwageukia foraminifera wa chini. Maji ya vilindini tayari yanakaribia kuganda, hayana nafasi ya kupoa kwa nyuzi nyingi zaidi. Hata hivyo magamba ya huko yalikuwa yamebadilika karibu sawa na ya juu. Basi sehemu kubwa ya badiliko ilitokana na barafu. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu hiyo ilikuwa imezuia maji mengi kiasi cha kushusha usawa wa bahari kwa takriban mita 120. Siku hizi joto tunalitafuta pia kwa njia ya pembeni, kwa kupima uwiano wa magnesiamu na kalsiamu, maana maji ya joto huingiza magnesiamu zaidi ndani ya gamba.

Mwaka 1976 Shackleton, James Hays na John Imbrie walitumia nguzo mbili kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, wakapata midundo ya hali ya hewa inayojirudia kila takriban miaka 23,000, 42,000 na 100,000, inayoendana na mabadiliko ya mwinamo wa Dunia na ya njia yake ya kulizunguka Jua.

Shahidi pia anaweza kuharibiwa akiwa kaburini. Kwa muda mrefu magamba ya Eosini, zama za zaidi ya miaka milioni 34 iliyopita, yalidai kuwa bahari za tropiki zilikuwa baridi kuliko za leo, wakati visukuku vya jamaa wa mamba vinapatikana Ellesmere, kisiwa cha Aktiki. Haiingii akilini. Kosa lilikuwa kwamba magamba mengi yalikuwa yameumbika upya kwenye sakafu ya bahari, yakachukua alama ya ubaridi wa huko chini. Mwaka 2001 yakatolewa matokeo ya magamba yaliyohifadhiwa ndani ya udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, yakiwemo ya pwani ya kusini ya Tanzania. Haya bado yanang'aa kama kioo, na yalionyesha maji ya tropiki yenye angalau nyuzi 28 hadi 32.

Kigumu zaidi ni pale magamba yasipokuwepo kabisa. Katika nguzo nyingi, tope jeupe hukatika ghafla na kuwa udongo mwekundu au wa kahawia. Hapo ni miaka milioni 56 iliyopita: kaboni nyingi iliingia hewani na baharini, joto likapanda kwa nyuzi 5 hivi au zaidi, maji yakawa na asidi iliyoyeyusha chokaa, na kati ya asilimia 30 na 50 ya spishi za foraminifera wa vilindini zikatoweka.

Kaboni hiyo iliingia kwa kasi gani? Hapo minyoo wanatuvuruga. Huchimba topeni na kuchanganya sentimita kadhaa za juu, hivyo gamba la kabla ya tukio na la baada yake hulala pamoja. Ukiyasaga kwa mkupuo unapata wastani, na wastani huo hufanya badiliko la ghafla lionekane la polepole. Dawa yake ni subira: unalowesha ncha ya brashi nyembamba, unaokota gamba moja, unalipima peke yake, kisha jingine. Magamba ya Maud Rise, mwinuko wa chini ya bahari karibu na Antaktika, yalipopimwa moja moja yaligawanyika makundi mawili, yenye kaboni ya zamani na yenye kaboni mpya. Ya katikati hayakuonekana.