Resi ya kutupa ni nini katika mashindano ya mashua za tanga?

Ukisoma karatasi ya matokeo ya msimu katika klabu ya mashua ndogo za tanga, utakuta namba nyingine zimefungwa ndani ya mabano. Hizo ni resi za kutupa: matokeo mabaya kuliko yote ya nahodha, ambayo hayaingii katika jumla yake.

Kwanza ujue alama zinavyohesabiwa. Wa kwanza hupata 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwisho wa msimu mwenye alama chache ndiye bingwa. Aliyeshindwa kumaliza, au aliyevuka mstari kabla ya honi na hakurudi kuanza upya, kwa kawaida hupewa idadi ya mashua zilizojiandikisha, ikiongezwa moja. Mashua zikiwa 10, anabeba 11.

Tuseme msimu una resi 6. Nahodha mmoja ana 1, 1, 2, 1, 11, 2. Ile 11 ni ya resi ya tano: alikuwa anageuza tanga kwenye boya, upepo ukamwahi, mashua ikapinduka na ncha ya mlingoti ikachoma tope. Jumla yake 18. Mpinzani wake ana 2, 3, 1, 2, 1, 3, jumla 12. Kila mmoja akitupa resi moja, wa kwanza anabaki na 7, mpinzani 9. Ubingwa umehama.

Wapo wanaoona huku ni kubebana. Mimi nasema ni haki tupu. Kamba hukatika, na upepo huweza kuzima upande mmoja wa maji huku ukivuma upande wa pili. Nahodha aliyekuwa mbele wiki baada ya wiki asinyang'anywe msimu mzima na dakika moja.

Kanuni za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, huruhusu kutupa resi moja, ila klabu yaweza kupanga idadi nyingine na kuitangaza mapema. Si kila alama inatupika, lakini. Nahodha akionekana amekosa uungwana mchezoni, jopo la malalamiko linaweza kumpa adhabu ambayo lazima aibebe hadi mwisho.

Hesabu hii hubadili hata namna ya kupiga tanga. Katika resi ya mwisho ya daraja la Laser (mashua ndogo ya mtu mmoja), Olimpiki ya Sydney 2000, Ben Ainslie wa Uingereza aliacha kukimbiza ushindi wa resi yenyewe, akamganda Robert Scheidt wa Brazili aliyekuwa anaongoza kwa alama. Alitaka Scheidt amalize vibaya, abaki na matokeo mabaya mengi kuliko aliyoruhusiwa kutupa. Ainslie akaondoka na dhahabu.

Kwa misimu mirefu ya klabu kuna kanuni moja zaidi ninayoipenda sana, na klabu inaweza kuichagua. Aliyefika mstari wa kuanzia akashindwa kumaliza huhesabiwa kwa idadi ya mashua zilizofika siku hiyo, ikiongezwa moja. Asiyefika huhesabiwa kwa idadi ya waliojiandikisha, nayo ikiongezwa moja. Siku ya upepo mkali, wakija 6 kati ya 10, aliyepinduka anaandikiwa 7. Aliyebaki nyumbani anaandikiwa 11.