Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya pesa za mtihani

Kila muhula unapofunguliwa, malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu hapa Mombasa hufanana: mtoto amerudishwa nyumbani kwa pesa za mtihani, za uji, za mlinzi, au za "motisha" ya walimu. Yameongezeka, na mengi hatuwezi kuyafuatilia kwa sababu mlalamishi haji na karatasi hata moja. Makala haya ni ya kuelimisha umma tu. Si uamuzi juu ya shule yoyote, wala hayachukui nafasi ya wakili.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinaeleza namna haki hiyo inavyotekelezwa. Shule ya umma hairuhusiwi kumtoza mzazi karo ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwapo, kwa masharti matatu: yawe yameidhinishwa na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mtoto asizuiwe kusoma kwa kushindwa kuyalipa, na risiti rasmi itolewe. Sharti la pili ndilo linalosahaulika. Wapo wazazi wanaoamini kuwa kila shilingi inayoombwa shuleni ni wizi, na wapo wanaoamini kuwa mkutano wa wazazi ukishapitisha mchango, asiyelipa ni halali afukuzwe. Pande zote mbili zimekosea. Mkutano wa wazazi hauna uwezo wa kumnyima mtoto wa mtu darasa, hata ukiamua kwa kauli moja, hata mwalimu mkuu akiwa na muhuri mkononi.

Kwa nini basi shule huomba? Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi, na 22,244 kwa wa sekondari ya kutwa. Gawa ile 1,420 kwa mihula mitatu: ni kama 473 kwa muhula. Humo mna chaki, bili ya maji, stima, na fundi wa kurekebisha choo.

Kiasi hicho ni kimoja kwa kila mtoto, awe Nyali au Jomvu, na hapo ndipo pengo linapoanzia. Shule yenye wazazi wa mishahara huchanga, ikaajiri walimu wa bodi, yaani wanaolipwa na shule yenyewe, ikanunua tangi la maji, ikapiga chapa mitihani ya majaribio. Shule ya watoto wa vibarua wa bandarini na mama wauza mahamri hubaki na ile 473. Matokeo yakitoka, moja husifiwa kwa bidii na nyingine huambiwa ina watoto wazembe. Sasa matokeo hayo yana uzito zaidi: nafasi ya gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, hupangwa kwa asilimia 60 kutoka mtihani wa gredi ya 9, 20 kutoka wa gredi ya 6, na 20 kutoka upimaji wa shuleni. Upimaji huo wa shuleni ndio unaotaka karatasi za manila, rangi, na picha za kuchapisha saiba, duka la kompyuta na intaneti. Mzazi asiye na hela za saiba anapimwa pamoja na mwanawe, ingawa hakuna fomu inayosema hivyo.

Mombasa ya ukoloni ilibagua bila kuficha. Shule ya Allidina Visram ilifunguliwa 1923 kwa watoto wa Kihindi, Waarabu wakawa na zao, Waafrika wakategemea hasa za misheni. Mlango wa rangi uliondolewa. Anayechujwa leo huchujwa na ada ndogondogo zisizo na risiti, na karatasi kama cheti cha kuzaliwa.

Risiti halali ina jina la shule, nambari ya mfululizo, tarehe, jina la mwanafunzi, kiasi, kazi ya pesa hizo, sahihi na muhuri. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kuwa umemtumia mwalimu kwenye simu yake si risiti ya shule. Ni ushahidi, naam, kwa hivyo usiufute. Lakini usiuite risiti kisha ushangae bodi ya shule inapokana kuzipokea pesa hizo. Ukiombwa pesa taslimu na kuambiwa kitabu cha risiti kimeisha, usitoe.

Masomo ya ziada ya likizo yanakatazwa na kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Elimu ya Msingi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wazazi wengi huyatetea, na tunaelewa hofu yao. Lakini mwalimu akihamishia sehemu ya silabasi likizoni, mtoto wa aliyelipa ndiye atakayefundishwa, na mtoto wa asiyelipa atafungua muhula akiwa amepitwa na mada mbili. Shule ikiitetea kama hiari, muulize mwalimu: mada hizo zitarudiwa darasani? Jibu lake andika na tarehe.

Adhabu kama hiyo, 100,000 au mwaka mmoja au vyote, inamwangukia pia mzazi asiyempeleka mtoto shule, chini ya kifungu cha 30. Hili halipendwi kusikika. Mtoto anayeuza karanga kwenye kivuko cha Likoni saa nne asubuhi ya Jumanne hakufukuzwa na shule kila mara.

Kuna pia mitihani ya kuchuja watoto wanaotaka kujiunga. Kifungu cha 34 hakiruhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atapokewa. Kinaruhusu tu upimaji wa kujua aanze darasa lipi. Wala mtoto halazimishwi kurudia darasa ili wastani wa shule usishuke, kwa mujibu wa kifungu cha 35. Na cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hakizuiliwi kwa sababu ya deni la karo. Deni linadaiwa kwa njia nyingine.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, walimu wakuu wana sababu ya kukidai: bila nambari yake mtoto ni vigumu kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa wizara, na asipoingizwa, mgao wake hauji. Lakini Kifungu cha 53 cha Katiba hakikuweka cheti kuwa sharti la kusoma. Mwandikishe mtoto, cheti kifuatiliwe. Aliyezaliwa hospitalini ana hati ya taarifa ya kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu. Muda wa kawaida ni miezi sita. Ukipita, unaingia usajili wa kuchelewa, unaotaka ushahidi zaidi, kama vile kadi ya kliniki na vitambulisho vya wazazi. Tatizo kubwa huku Pwani ni mzazi mwenyewe kukosa kitambulisho. Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwaka 2017 na Wapemba 2023, na bado zipo familia ambazo karatasi zao hazijakamilika. Mtoto wa familia hiyo asiachwe nyumbani akisubiri.

Mtoto mwenye ulemavu apelekwe kwanza kwenye kituo cha tathmini ya elimu. Zipo shule maalumu, ya wasioona Likoni na ya viziwi Ziwani, lakini si kila mtoto mwenye ulemavu anazihitaji. Ripoti ya tathmini ndiyo inayoelekeza, si jirani.

Sasa malalamiko. Tafadhali msiende kwa gavana kulalamikia shule ya msingi au sekondari. Serikali ya kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na hutoa basari. Shule ni za serikali ya kitaifa. Anza kwa mwalimu mkuu, kwa barua, ukitaja jina la mtoto, darasa, tarehe aliyorudishwa, kiasi kilichodaiwa na aliyekidai. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hukata rufaa kwa Baraza la Rufaa la Elimu. Utovu wa nidhamu wa mwalimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, usiuchanganye na barua ya ada.

Ukitaka kuona kibali cha ada au hesabu za shule, tumia Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuliwasilisha hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuandikiwa. Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 21. Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Utawala wa Haki. Ombi likipelekwa ofisi isiyo yake, afisa ana siku 5 za kulihamisha, kwa hivyo kosa la anwani si sababu ya kurudishiwa barua. Ukija kwenye dawati letu, leta nakala za risiti na barua. Asili baki nazo nyumbani.